MWIZI AU WEZI? SOMO KATIKA SINEMA YA KIITALIA

Katika sarufi twafundishwa kwamba mwizi ni mmoja na wezi ni wengi. Tofauti hiyo ndogo yabeba maana ya hadithi nzima katika sinema iitwayo "Ladri di biciclette", yaani Wezi wa Baisikeli. Vittorio De Sica aliitengeneza mjini Roma, ikatolewa mwaka 1948, miaka mitatu baada ya vita, wakati Waitalia wengi walipokuwa hawana kazi. Lamberto Maggiorani, aliyecheza kama baba, hakuwa mchezaji wa sinema bali mfanyakazi wa kiwandani.

Hadithi yenyewe ni hii. Antonio Ricci apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baisikeli, na yake imo rehani. Mkewe Maria atoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani, ili baisikeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi, baisikeli yaibiwa. Polisi wamwambia aitafute mwenyewe. Mnyonge hana haki! Basi yeye na mwanawe mdogo, Bruno, wazunguka mjini, hata mvua yawanyeshea sokoni. Mwishowe amkamata kijana anayemshuku, lakini ushahidi hana, na majirani wamtetea kijana.

Karibu na uwanja wa mpira Antonio aona baisikeli imeachwa peke yake. Ampa Bruno nauli ya tramu atangulie, kisha aiba. Mara akamatwa, apigwa mbele ya watu. Na Bruno, aliyekosa tramu, aona yote. Mwenye baisikeli amtazama mtoto, asema baba aachiliwe.

Sasa turudi kwenye sarufi. Huko Marekani sinema hii ilipewa jina la umoja, Mwizi wa Baisikeli, kana kwamba mwizi ni yule kijana tu. Waitalia walisema wezi, maana wa pili ni baba.

Je, Antonio ni mwizi kweli? Wengine watasema si yeye, ni shida. Mimi nasema ni mwizi, kwa kuwa ile baisikeli nayo ilikuwa na mwenyewe. Shida yaeleza kosa, lakini hailifuti.

Hata hivyo tumtazame Bruno. Hamwambii baba yake kwamba hakuiba. Amshika mkono, wakaenda zao pamoja katikati ya watu.

Wengi wetu twasoma kwa jasho la baba zetu, na ipo siku mwana huuona udhaifu wa babaye. Siku hiyo yafaa tumkumbuke mtoto huyu: kosa aliliona, na mkono hakuuacha.