Karo la Nyumbani: Kibali Kabla ya Kuchimba

Karo la majitaka ni tangi la tofali au zege lililofukiwa ardhini, linalopokea maji ya choo, bafu na jiko. Ndani yake kinyesi huzama na kuwa tope, mafuta na mapovu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo huyameza. Karo hupunguza uchafu mzito; haliui vimelea. Maji yanayotoka humo bado yanaweza kubeba kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo, hata yakionekana yametulia. Kazi ya kuyasafisha hufanywa na udongo, na ndiyo maana anayekagua ombi la kibali huuliza kwanza maji yatakwenda wapi, kabla ya kuuliza tangi litakuwa zuri kiasi gani.

Katika kata ya Tangini, Kibaha mjini, na katika sehemu kubwa ya wilaya jirani ya Kisarawe, kaya hutegemea karo au choo cha shimo kilicho ndani ya kiwanja chao. DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, huhudumia pia Kibaha na Kisarawe. Mradi wa kupeleka maji Kisarawe kutoka Kibamba ulizinduliwa mwaka 2020. Bomba la majisafi likifika, vyoo vya kuvuta huongezeka, na maji yanayoingia ardhini huongezeka pia. Shimo lililotosha familia iliyokuwa ikichota ndoo nne kwa siku huweza kufurika ndani ya mwaka mmoja tangu familia hiyo ipate bomba. Madhara ya uzembe yanajulikana: mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi, na watu zaidi ya 20,000 nchini wakaugua.

Kwa nyumba mpya, karo huidhinishwa pamoja na nyumba yenyewe, kupitia kibali cha ujenzi kinachotolewa na halmashauri. Msingi wake ni sheria za mipango miji na za serikali za mitaa, pamoja na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayompa afisa afya mamlaka ya kukagua majengo na kuamuru kero iondolewe. Anayeongeza karo katika nyumba ya zamani, au anayeacha choo cha shimo na kuweka cha kuvuta, huanzia kwa afisa afya wa kata, naye humweleza kama mchoro mpya unahitajika.

Safari huanza mtaani. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa humtambua mwombaji kuwa mkazi au mmiliki. Katika vijiji vya Kisarawe kazi hiyo ni ya serikali ya kijiji. Kisha huandaliwa uthibitisho wa umiliki, kama vile hati au barua ya toleo, na michoro. Ombi hupelekwa halmashauri, na siku hizi mfumo wa TAUSI hutumika kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa mtandao. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali. Fedha anayokabidhiwa mtu mkononi bila risiti haihesabiki kuwa ada, hata kama aliyeipokea ana kitambulisho shingoni. Mchoro hupitiwa na wataalamu wa mipango miji, ardhi, uhandisi na afya, na yeyote kati yao anaweza kuurudisha ukarekebishwe.

Michoro mingi hurudishwa kwa sababu moja: karo limechorwa kama mstatili mdogo pembeni, bila vipimo, na shimo la kunyonya halipo kabisa. Ramani ya kiwanja inayokubalika huonyesha mipaka, nyumba, barabara, mteremko wa ardhi, karo, chemba, shimo la kunyonya, na visima vyote vya karibu, vikiwemo vya majirani.

Hapo ndipo kiwanja cha 20 kwa 20 huleta mgogoro. Umbali unaotumika sana kati ya shimo la kunyonya na kisima ni mita 30 au zaidi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kikipimwa kona hadi kona, hakifiki mita 29. Kwa hiyo kisima na shimo la kunyonya haviwezi kukaa pamoja ndani ya kiwanja hicho kwa umbali huo, hata kimoja kikichimbwa kona hii na kingine kona ile. Familia hulazimika kuchagua: maji ya bomba na karo, au kisima na njia nyingine ya choo, kama karo lisilovuja linalonyonywa kwa gari kila linapojaa, ambalo ni ghali. Kisima cha jirani nacho huhesabiwa, kwa kuwa maji ya ardhini hayajui mpaka. Kuongea na jirani kabla ya kuchora hugharimu kidogo kuliko kuhamisha shimo lililokwisha kujengwa.

Umbali mwingine ni mfupi zaidi. Karo huwekwa mita kadhaa kutoka ukutani ili lisidhoofishe msingi, mbali na mpaka, na mahali ambapo gari la majitaka linaweza kufikisha mpira wake. Suala hili la gari husahaulika mara kwa mara: nyumba hukamilika, uzio hujengwa, na karo hubaki nyuma ya nyumba bila njia.

Udongo hupimwa kabla ya mchoro kukamilika. Katika vilima vya Pugu na Kisarawe kuna udongo mweupe wa kaolini, na udongo wa mfinyanzi wa aina hiyo hunyonya polepole sana. Penye mchanga mtupu maji hupita upesi mno na hayapati muda wa kuchujwa. Jaribio ni rahisi. Huchimbwa kishimo chenye upana wa sentimita 30 hivi, hadi kina ambacho maji ya karo yatamwagwa. Hujazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ushibe, kisha kesho yake hujazwa tena na rula husimamishwa ndani. Maji yakishuka sentimita 2.5 kwa chini ya dakika moja, udongo hauchuji. Yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka kiasi hicho, shimo litafurika wakati wa masika. Jaribio la kiangazi pekee hudanganya, kwa sababu usawa wa maji ya ardhini hupanda mvua zikinyesha. Kitako cha shimo kinatakiwa kibaki mita 1.5 hadi 2 juu ya maji hayo.

Ukubwa hutokana na watu, na katika nyumba ya kupanga huhesabiwa wapangaji wote, si mwenye nyumba na familia yake tu. Kwa watu sita wanaotumia lita 80 kila mmoja, karo lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.5, yaani mita za ujazo 3, hutosha pamoja na nafasi ya tope la miaka kadhaa. Hugawanywa vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Bomba la kutokea huwa chini kidogo kuliko la kuingilia, na yote mawili huwekewa kiungo cha T ili mapovu yasipite.

Mafundi wengi huchanganya karo na shimo la kunyonya. Karo lina sakafu ya zege na plasta ndani, lisivuje. Shimo la kunyonya hujengwa kwa tofali zilizoachiwa nafasi, bila sakafu. Shimo moja lisilo na sakafu, linalopokea kinyesi moja kwa moja, halipiti kama karo, hata likifunikwa kwa mfuniko wa zege wenye nondo. Afisa afya huitwa kabla ya kufunika, wakati kuta na mabomba bado vinaonekana. Karo lililofunikwa bila kukaguliwa linaweza kuamriwa lifunguliwe kwa gharama ya mwenye nyumba.

Kibali hakiishii kwenye ujenzi. Tope hunyonywa na gari lililoruhusiwa, kwa kawaida kila baada ya miaka michache, kabla halijafika kiungo cha T, na kumwagwa kwenye mabwawa ya majitaka. Kuwatuma vyura, yaani watu wanaochota tope kwa mikono, waingie na ndoo huhatarisha maisha yao, kwa kuwa gesi ya ndani huua kwa dakika chache. Kutapisha, yaani kutoboa shimo mvua inaponyesha ili uchafu uende na mkondo, ni kosa ambalo halmashauri inaweza kumtoza mhusika faini au kumfikisha mahakamani, na jirani anayeona jambo hilo hutoa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au afisa afya wa kata.