Injini ya Rota Katika Gari la Faibaglasi

Huko Marekani, mafundi wengi wamejiundia magari kwa kufunga bodi ya faibaglasi, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, juu ya chasisi ya Volkswagen. Baadhi yao huondoa injini ya asili na kuweka injini ya rota, aina iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kuendeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957.

Injini hii haina pistoni. Rota yenye pembe tatu huzunguka ndani ya chumba, na kila izungukapo mara 1, mhimili huzunguka mara 3. Injini ndogo ya aina hii hutoa nguvu nyingi.

Lakini nguvu huandamana na joto. Injini ya asili hupozwa kwa hewa. Ya rota yahitaji maji na rejeta. Bomba lake la moshi nalo huwa na joto kali, na likikaribia bodi laweza kuiunguza.

Breki zisisahauliwe. Mwendo ukiwa mara 2, nishati ya kuzuiwa huwa mara 4. Je, mwendo ukiwa mara 3? Mwanafunzi akokotoe, naye atafahamu kwa nini fundi mwenye busara hutengeneza breki kabla ya kuongeza nguvu.