Kufunguliwa na Kunyweshwa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Luka 13:10–17, Mithali 23:29–35, Matendo 16:16–19, 1 Samweli 1:9–18, Danieli 1:8–16, Matendo 19:18–20, Waefeso 4:28, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la kukariri: Luka 13:16. Lisome kwa sauti katika Biblia yako, kisha ulieleze kwa maneno yako mwenyewe.

Tinde ni njia panda. Barabara ya kutoka Shinyanga hukutana hapo na ile iendayo Nzega na ile iendayo Isaka na Kahama, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Upande mmoja kuna wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo. Mbele zaidi kuna Kahama, na baada yake ukanda wa dhahabu wa Geita. Mahali penye madereva na wachimbaji hapakosi wateja, na penye wateja hapakosi mwanamke aliyeamka alfajiri kutafuta riziki: mama lishe, mhudumu wa baa, mtumishi wa nyumba ya wageni, mponda mawe, mpika pombe.

Ulevi unapohubiriwa makanisani, mara nyingi mlevi anayetajwa ni mwanamume, na mwanamke ni mke anayeteseka nyumbani. Lakini yuko pia mwanamke anayekunywa yeye mwenyewe, na mara nyingi alianzia kazini. Huyu hukaa kiti cha nyuma, au haji kabisa. Somo la juma hili linauliza: Kristo humtendea nini mwanamke wa namna hiyo, na anataka kanisa na mwajiri wake wafanye nini?

JUMAPILI
Kamba ya Miaka 18

Soma Luka 13:10–17. Yesu alimtendea mwanamke huyu mambo gani, na kwa utaratibu upi?

Ugonjwa wa mwanamke huyu haukuwa ulevi. Jambo la kujifunza hapa ni njia ya Yesu kwa mtu aliyefungwa muda mrefu. Alimwona, akamwita, akamtangazia kufunguliwa, kisha akaweka mikono juu yake. Hakungoja aombwe. Miaka 18 ni mingi. Bila shaka watu wa sinagogi walikuwa wamekwisha kuzoea kumwona amepinda. Mazoea hayo ni hatari katika kanisa lolote. Hufika mahali mtu anapoitwa kwa kifungo chake, “yule mlevi,” na jina lake likasahaulika.

Yesu alimpa jina jingine. Mbele ya mkuu wa sinagogi aliyekasirika, alimtaja kuwa binti wa Ibrahimu. Alikiri kwamba Shetani alikuwa amemfunga, lakini lawama aliiweka kwa aliyefunga, si kwa aliyefungwa.

Angalia pia mfano alioutumia katika fungu la 15. Mwenye ng'ombe au punda humfungua siku ya Sabato, kisha humpeleka kunywa maji. Mfugaji wa Shinyanga anaelewa mara moja. Wakati wa kiangazi, ng'ombe aliyefunguliwa kamba na kuachwa amesimama zizini hajasaidiwa bado. Lambo liko mbali, na lazima awepo mtu wa kumpeleka. Kufungua na kunywesha ni kazi moja yenye sehemu mbili.

Je, katika kanisa lako kuna mtu ambaye watu wamezoea kumwona “amepinda”? Ni nani amemwita kwa jina lake hivi karibuni?

JUMATATU
Namna Kifungo Kinavyokaza

Soma Mithali 23:29–35. Mwandishi anaeleza dalili gani? Fungu la mwisho linaonyesha nini kuhusu nguvu ya kileo juu ya mnywaji?

Mwandishi anataja ugomvi, majeraha yasiyo na sababu, macho mekundu na akili inayoyumba kama mtu aliye baharini. Jambo zito kuliko yote limewekwa mwishoni: mtu huyo ameumia, na bado anapoamka hamu yake ya kwanza ni kukirudia kinywaji kile kile. Huu si tena uchaguzi wa mtu huru. Elimu ya tiba inasema vivyo hivyo: Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ni ugonjwa, na mwezi Januari 2023 shirika hilo lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Kwa mwanamke mzigo ni mzito zaidi. Mwili wake kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kwa hiyo kiasi kile kile cha pombe hufanya damu yake kuwa na kileo kingi zaidi. Ini lake huharibika mapema zaidi. Pombe humwongezea hatari ya saratani ya matiti, na akiwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Ndiyo maana agizo alilopewa mama wa Samsoni (Waamuzi 13:4) lina hekima hata kwa daktari wa leo.

Gongo huongeza hatari nyingine. Imekatazwa na sheria, na anayeinywa hajui nguvu yake wala kilichochanganywa ndani yake. Viroba navyo vilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, kwa sababu vilikuwa rahisi kununua na rahisi kuficha. Sheria inaweza kuondoa kifuko dukani. Kiu iliyo ndani ya mtu inahitaji tiba nyingine.

Kuna tofauti gani kati ya kusema “ulevi ni dhambi” na kusema “mlevi ni mgonjwa”? Kwa nini kanisa linahitaji kusema yote mawili?

JUMANNE
Kazi Inayofunga

Soma Matendo 16:16–19. Mabwana wa kijakazi huyu walikasirika kwa sababu gani?

Msichana wa Filipi alipofunguliwa, hakuna bwana wake aliyefurahi. Walichokiona ni kwamba tumaini lao la faida limepotea. Biblia inaonyesha wazi kwamba kifungo cha mtu mmoja kinaweza kuwa mapato ya mwingine.

Fikiria mama mmoja kando ya barabara kuu. Alianza kwa kuuza chai na maandazi. Faida ilikuwa ndogo, akaongeza pombe ya kienyeji. Mpika pombe lazima aionje, na mteja asiyeamini humwambia mwuzaji anywe kwanza. Mhudumu wa baa naye hununuliwa bia na mteja, na akikataa anaambiwa anafukuza wateja. Mwanamke anayebeba maji au kuponda mawe kwenye machimbo huambiwa kwamba kikombe kimoja kitaondoa uchovu na baridi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeamka asubuhi akaamua kuwa mlevi. Kazi iliwafundisha.

Kazi hiyo hiyo ndiyo inayomlisha mtoto na kulipa kodi ya chumba. Kanisa linafundisha, na ni sawa, kwamba mfuasi wa Kristo hanywi kileo, hakitengenezi wala hakiuzi. Lakini mama huyu anapoambiwa “acha,” yeye husikia maneno mawili: acha pombe, na acha chakula cha watoto. Wanaomwambia wanapaswa kulisikia neno hilo la pili kama yeye anavyolisikia.

Ni nani hupata faida kutokana na ulevi wa wanawake katika eneo lako? Je, ukweli huo unabadilisha namna unavyomtazama mnywaji?

JUMATANO
Eli Hakuuliza

Soma 1 Samweli 1:9–18. Eli alikosea wapi, na alijirekebishaje?

Hana alikuwa anaomba kwa uchungu. Eli alitazama midomo yake, akakata shauri kwamba amelewa, akamkemea. Hakuuliza neno. Hana hakuwa amekunywa kitu. Lakini hata kama angekuwa amekunywa, maneno yale yasingemsaidia. Yangemfundisha tu kujificha. Sifa ya Eli ni kwamba alipoelezwa alisikiliza, akambariki, na Hana akaenda zake uso wake umebadilika.

Mwanamke mlevi hujificha kuliko mwanamume, kwa kuwa aibu yake ni kubwa zaidi. Kazini huficha harufu kwa pipi, huchelewa Jumatatu, na hubadili zamu ili asikutane na msimamizi. Penye karasha au shimo la machimbo, kujificha huko kunaweza kuua. Mwajiri hana budi kumwondoa penye hatari siku hiyo hiyo. Lakini kumfukuza mara moja humrudisha kilabuni akiwa na mshahara wake wa mwisho mkononi.

Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo unaotaka matatizo ya pombe kazini yashughulikiwe kama matatizo mengine ya afya, kwa siri na bila ubaguzi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mgonjwa likizo ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari aliyesajiliwa. Mshiriki aliye mwajiri au msimamizi aifahamu sheria hii. Mhudumu wa baa asiye na mkataba mara nyingi hajui hata kwamba ipo.

Danieli naye alikuwa chini ya msimamizi mahali pa kazi (Danieli 1:8–16). Aliomba kwa adabu, akaeleza haja yake, akapendekeza majaribio ya siku 10. Mwanamke anayetaka kupona anaweza kufanya vivyo hivyo: kuomba ahamishwe kutoka kaunta hadi jikoni au kufua, na kuomba shahidi anayemwamini afuatane naye.

Neno la tahadhari: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiambiwe aache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku 3 za kwanza anaweza kutetemeka, kupata degedege au kuchanganyikiwa, na wengine hufa. Afikishwe kituo cha afya, ambako atapewa dawa au rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Mirembe, Dodoma, zina wataalamu wa afya ya akili. Maombi na daktari hutumika pamoja.

Kama msimamizi wako, au mzee wa kanisa lako, angekutazama leo, angekuuliza au angekukemea?

ALHAMISI
Kumpeleka Penye Maji

Soma Waefeso 4:28 na Matendo 19:18–20. Toba iliambatana na mabadiliko gani ya kazi na mali?

Kwa mwizi aliyeongoka, Paulo hakuishia kwenye katazo. Alitaja kazi ya mikono, na kusudi lake: apate cha kumpa mhitaji. Huko Efeso waongofu walichoma vitabu vya uchawi vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Injili iligharimu watu mapato yao, na Luka hakuificha gharama hiyo. Swali ni nani atakayesaidia kuibeba.

Hapa ndipo kanisa la mahali hupimwa. Akina Dorkasi wanaweza kuchanga mtaji mdogo wa chai, vitafunwa au mboga kabla mtungi wa pombe haujamwagwa, ili siku ya kuumwaga isiwe siku ya njaa. Kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama kinaweza kumpokea akiwa bado dhaifu, mradi fedha za mwanzo zishikwe na mwenzake anayemwamini. Fundi cherehani aliye mshiriki anaweza kumpa kiti. Shemasi wa kike anaweza kupita jioni, saa ile wateja wa zamani wanapogonga mlango, akamwambia tu, “Dada, nimekuja tupike wote.”

Na akianguka? Wengi huanguka kabla ya kusimama imara. Soma Wagalatia 6:1, 2. Paulo anasema mtu huyo arejezwe upya kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie mwenyewe. Kwa hiyo mtaji uliopotea mara ya kwanza usiwe sababu ya kufunga daftari. Ng'ombe aliyegeuka njiani kuelekea lambo hachinjwi kwa sababu hiyo. Hurudishwa njiani.

Andika jambo moja ambalo familia yako inaweza kufanya mwezi huu ili mwanamke mmoja apate kazi isiyo na kileo.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Kazi hii si ngeni kwa Waadventista. Mwaka 1876, Ellen White alihutubia watu wapatao 20,000 kuhusu kiasi huko Groveland, Massachusetts, Marekani. Bibi S. M. I. Henry, mwinjilisti wa Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kiasi, ulioundwa mwaka 1874, alijiunga na kanisa mwaka 1896 akiwa mgonjwa katika hospitali ya Battle Creek. Alipopona aliwaita wanawake wa kanisa kuwatembelea wanawake wenzao nyumba kwa nyumba. Aliyekuwa mgonjwa akawa mhudumu.

Mwanamke wa Luka 13 naye alinyooka, akamtukuza Mungu. Mkutano ule ulifurahi. Mkuu wa sinagogi alibaki na kanuni yake, na ng'ombe wake nyumbani alikuwa amekwisha kunyweshwa.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mpya anapika pombe ya kienyeji na ana watoto watatu. Kanisa lenu litamwambia nini wiki ya kwanza, na litamfanyia nini wiki ya pili?

2. Mwajiri Mkristo anagundua kwamba mtumishi wake wa kike hunywa kazini. Ni wajibu gani alio nao kwa usalama wa wengine, na ni upi kwa mtumishi huyo?

3. Kwa nini wanawake huogopa kukiri tatizo la pombe mbele ya kanisa? Ni nini kinachoweza kubadilishwa darasani mwenu ili hofu hiyo ipungue?

4. Kuna makanisa yanayofungua bila kunywesha, na mengine yanayonywesha bila kufungua. Kanisa lenu liko wapi? Toeni mfano.