Mama Hataki Kusimulia Vita ya Kisangani. Tumlazimishe?

*Mama Mshauri, naishi Dar es Salaam na mama yangu, lakini kwetu ni Kisangani, upande wa Tshopo. Juni 2000, wanajeshi wa Uganda na Rwanda walipopigana mjini kwetu, nilikuwa na miaka minane. Bomu lilimwua mdogo wangu. Mimi, mama na kaka tulikuwa chini ya kitanda. Mama hajawahi kuzungumzia siku zile. Sasa kaka, aliyebaki kule, anasema kuna pesa za fidia na anataka mama atoe ushahidi. Mama amekataa, na tukimgusia tu, halali usiku. Kaka ananilaumu kwamba namdekeza. Nifanyeje? – T.*

Poleni sana, mwanangu.

Msimlazimishe. Ila kaka yako naye ana hoja.

Pesa anazozisema zipo kweli, na asili yake ni hii. Majeshi yale mawili yaliingia Kongo yakiwa marafiki, yakaishia kugombea mji na almasi zake. Waasi wa Kongo waliosaidiwa nayo, kundi la RCD, nao waligawanyika, kila kundi na mlezi wake. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni majeshi hayo yalirushiana makombora mji ukiwa umejaa watu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilitaja raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, kutegemea nani anahesabu. Wenyeji husema walizidi elfu. Katika tofauti hiyo wamo watoto kama mdogo wako, ambao hakuna aliyewaandika popote.

Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiona Uganda inawajibika, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, kwa vita nzima na si kwa Kisangani peke yake. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Majaji walilalamikia uhaba wa ushahidi. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi. Sasa mtu aliyejificha chini ya kitanda atajuaje kombora lilitoka upande gani? Hapo, kwa kweli, sheria hainiridhishi.

Ushahidi basi unahitajika, lakini si lazima utoke kinywani mwa mama. Umeniandikia barua nzima juu ya kumbukumbu zake, na zako hukuzitaja. Mtoto wa miaka minane anakumbuka mengi. Andika uliyoyaona na kuyasikia wewe. Kaka naye aandike yake, kila mmoja peke yake, msije mkaazimana maneno. Yeye aliye kule awatafute majirani wa wakati ule, cheti cha ubatizo cha marehemu, karatasi yoyote ya hospitali, na waliosaidia kuzika. Mfuko wa kugawa fidia hiyo ya Uganda, FRIVAO, una ofisi palepale Kisangani. Aende mwenyewe akaulize wanataka nini. Mfuko huo umeshaandamwa na tuhuma za ubadhirifu, kwa hiyo asimpe mtu hata senti ya kulisukuma faili.

Kwa mama, nenda polepole. Mwulize mambo ya kabla ya vita: mdogo wako alipewa jina la nani, alikuwa akipenda kula nini. Akianza kusimulia, usimsahihishe tarehe, wala usimrekodi kwa simu bila kumwomba. Akinyamaza, nyamaza naye. Ila huko kukosa usingizi usikuache hivihivi ukisema ndivyo alivyo. Huenda ni maradhi, na yana tiba. Mpeleke Muhimbili, kitengo cha afya ya akili, na safari hiyo usiichanganye kabisa na habari za fidia, asije akadhani mmemtega.

Halafu kaeni na kaka mzungumzie pesa zenyewe kabla hazijatoka. Zikija, ni za nani? Mimi naona ni za mama kwanza, hata kama hakusema neno. Na mtu yeyote asitie sahihi kwa niaba yake bila yeye kujua.