Dondoo muhimu: Kuainisha makombe ya kale ya koni

Kombe la koni, konokono wa baharini anayewinda kwa sumu, hupoteza rangi likizikwa ardhini. Usikimbilie kulipa jina.

1. Andika mahali na tabaka la mwamba kabla ya kuliokota. Lisilo na anwani halina kazi.
2. Pima urefu, upana na kimo cha kilele. Ncha imevunjika? Sema hivyo, usikadirie kimyakimya.
3. Usitenge spishi kwa ukubwa pekee: konokono mchanga na mkomavu hutofautiana.
4. Loweka kwenye jiki, suuza, kausha, kisha mulika gizani kwa taa ya urujuanimno (kinga macho). Panapong'aa ndipo palipokuwa na rangi; usisome kinyume. Hivyo ndivyo mtafiti Jonathan Hendricks, mwaka 2015, alivyoeleza spishi 28 za Jamhuri ya Dominika, 13 kati yake mpya.
5. Kielelezo cha spishi mpya kipeleke makumbusho, si sebuleni.