Mwenye Nyumba na Mpangaji: Kila Mmoja na Kinga ya Mali Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Somo hili lahusu dhana mbili zilizoenea katika miji ya pwani. Mpangaji hudhani kwamba nyumba ikiungua, bima ya mwenye nyumba itamlipa naye vyombo vyake. Na mwenye nyumba hudhani kwamba mpangaji ndiye atakayezilipa kuta. Dhana zote mbili zina khatari, na mara nyingi mtu hayajui hayo ila siku ya msiba.

Na utolewe mfano. Zaidi ana nyumba ya mawe Mombasa, amempangisha Amri, fundi wa kushona, kwa muda wa mwaka mmoja, na Amri amekwisha kulipa kodi ya miezi 12. Baada ya miezi 4, nyaya za stima zikashika moto usiku. Dari na kuta zikaanguka, na cherehani 2 za Amri, na majora yake ya nguo, vyote vikawa majivu. Asubuhi kila mmoja akamtazama mwenziwe, akingojea kulipwa.

MAS'ALA YA KWANZA: Je, Amri azilipe kuta?

Jawabu: La. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, mkono wa mpangaji ni mkono wa amana. Nyumba ikiharibika bila ya yeye kupita mpaka wala kufanya uzembe, hana dhamana. Lakini akiwasha jiko karibu na mapazia, akalala na kuliacha, huo ni uzembe, naye hudhamini. Vivyo hivyo kwa jirani: mwenye kuwasha moto katika milki yake kwa kadiri ya ada ya watu, kisha cheche zikaruka, hadhamini, bali akizidisha, au akiuwasha wakati wa upepo mkali, hudhamini alichokiteketeza.

Na kwa kuwa nyumba imebomoka, mkataba wa ijara umevunjika kwa muda uliobaki. Kwa hiyo Amri ana haki ya kurudishiwa kodi ya miezi 8.

MAS'ALA YA PILI: Je, Zaidi alipe cherehani na nguo?

Jawabu: La, maadamu si yeye aliyeviharibu. Alichouza Zaidi ni manufaa ya kukaa nyumbani. Hakuwa mlinzi wa vyombo vilivyomo. Ama kumficha mpangaji aibu ya nyumba anayoijua, hilo ni udanganyifu, nao ni haramu.

MAS'ALA YA TATU: Zaidi alikuwa na bima. Je, Amri hana fungu humo?

Jawabu: Hana. Bima ya mwenye nyumba hukinga kuta, paa, milango na madirisha ya mwenyewe. Vyombo vya mpangaji havimo, wala dhamana yake kwa majirani haimo. Hivyo ampasa mpangaji awe na kinga yake mbali.

Na Zaidi naye asijione salama kwa kuwa na hati moja tu. Hati ya bima ya moto kwa asili hukinga moto na radi. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi na fujo huwa ni mambo ya kuongezwa na kuandikwa. Mvua za Novemba 2023 zilipoijaza maji miji ya pwani ya Kenya, mwenye hati ya moto pekee hakuwa na la kudai. Na kuanguka kwa nyumba kwa sababu ya uzee ni jambo la kuulizwa mapema, maana kwa kawaida halilipwi. Hata jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883, liliangukia upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, na watu 2 wakafa.

Liko na jambo la kipimo. Nyumba ya kujengwa kwa shilingi 4,000,000 ikiandikwa katika bima kwa 2,000,000, kisha moto ukaharibu kitu cha 1,000,000, mwenyewe aweza kupewa 500,000 tu. Kwa kuwa alikinga nusu, hulipwa nusu.

MAS'ALA YA NNE: Je, bima ni halali?

Jawabu: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah katika Disemba 1985, liliamua kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa yenye kuharibu mkataba, kwa hivyo ni haramu. Badala yake likasema ifaayo ni bima ya kusaidiana, iliyosimama juu ya tabarrui. Wako wanavyuoni waliokhitalifu, mmoja wao Sheikh Mustafa al-Zarqa, lakini wengi wako juu ya kauli hiyo.

Bima ya kusaidiana, iitwayo takaful, ni hivi: wanachama hutoa michango katika mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, aliyepatwa hulipwa humo, msimamizi huchukua ujira uliotajwa, mali ya mfuko haitiwi katika riba. Shirika la namna hiyo lilianza Sudan mwaka 1979, na Kenya lilianza mwaka 2011. Asili ya kusaidiana ni kongwe: kabila la Ash'ari, chakula kilipowapungukia, walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akawasifu.

TANBIHI. Wako wasemao kwamba kujikinga ni kupungukiwa na tawakkul. Hayo si kweli. Mtume alimwamuru mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Na nyumba ilipoungua Madina usiku na watu wake wamo ndani, aliwaambia watu kwamba moto ni adui yao, wauzime wanapolala. Basi kinga ya kwanza ni kuzima jiko na kufunga mtungi wa gesi, kisha ndipo mfuko.

KHATIMA. Kabla ya kutia mkono katika mkataba, mwenye nyumba na mpangaji waulizane mambo manne: kuta zimekingwa na nini, vyombo vimekingwa na nani, mafuriko yamo au hayamo, na kipimo kilichoandikwa chatosha kujenga upya? Majibu yaandikwe, na mashahidi wawepo. Na mtaa usio na shirika la takaful waweza kuanzisha mfuko wake, wenye daftari na waaminifu wa kuusimamia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Zaidi na Amri, lau waliulizana siku ya kwanza, wasingaligombana juu ya majivu.

Wallahu aalam.