Jumanne: Mikono ya Yakobo na Nyumba Yake

Soma Mwanzo 31:36–42. Yakobo anaielezaje kazi aliyoifanya kwa Labani, na Labani alimtendeaje?

Yakobo alimtumikia mjomba wake huko Harani kwa miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya Lea na Raheli, na 6 kwa ajili ya mifugo. Mchana jua lilimchoma. Usiku baridi ilimnyima usingizi. Hasara ya mnyama aliyeraruliwa porini aliibeba mwenyewe. Mshahara wake ulibadilishwa mara kumi, lakini alitumika kwa nguvu zake zote (Mwanzo 31:6, 7). Alipofanikiwa, alikiri kwamba ni Mungu aliyeyaona mateso yake na kazi ya mikono yake.

Hata hivyo, jasho la malishoni halikuleta amani nyumbani. Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea, na kila alipojifungua mwana, Lea alitumaini kwamba sasa mumewe angemgeukia (Mwanzo 29:30–34). Baadaye upendeleo uo huo ulimwangukia Yusufu, na ndugu zake wakamchukia (Mwanzo 37:3, 4). Mtu aliyetoa hesabu ya kila kondoo wa Labani alikaa miaka mingi akimlilia mwanawe mwenyewe.

Baba anayeamka alfajiri kwenda shambani anafanya jambo jema, na Mungu analiona. Lakini ghala lililojaa haliwezi kuziba pengo la upendo.

Ni nani nyumbani mwako anayesubiri, kama Lea, umgeukie? Utamfanyia nini kabla jua la Ijumaa halijazama?